Nilifuta sauti za marehemu baba wa mteja wangu ili kupisha mashujaa, kisha nikasingizia virus

Wakuu, salaam kwenu nyote, mliopo kazini na mnaojifanya mpo kazini.

Haya ninayoandika yamenitokea mimi mwenyewe, sijasimuliwa na mtu. Chumvi sitaongeza, iliyopo inatosha.

Mimi ni Bashiru, mtu wa Tabora, Mtendeni. Nina kibanda cha kuweka movie na series. Unaleta flash au external yako, unachagua, nakujazia, unaenda kuangalia kwako. Nina wateja wanaotoka Nzega na Igunga kabisa, maana huko kupakua season nzima kwa bando ni kilio.

Kwa kazi hii, hapa Tabora sijamuona wa kunizidi. Nasema bila aibu, na hata baada ya haya mtakayosoma bado nasema.

Sasa bwana, kuna mteja wangu mmoja ni mwalimu wa shule ya msingi kule Lusu, Nzega. Nimwite Mwalimu Siwema. Kila mwisho wa mwezi akija mjini lazima apite kwangu.

Ijumaa moja akaniachia external yake. Akaniambia, "Bashiru mdogo wangu, niwekee season mpya za wale mashujaa, wanangu hawanipi usingizi. Kesho naipitia. Ila folda ya BABA usiiguse."

Nikamjibu, "Mwalimu, kwani leo ndiyo mara ya kwanza? Ondoa shaka."

Nilipoichomeka, nikakuta virus.

Wa kazi hii mnamjua yule wa shortcut. Akiingia anaficha mafolda yako yote, halafu anaweka vya kwake vyenye majina yaleyale. Ukibofya, hola. Kumbe vitu vyako vipo, vimefichwa tu. Kuvirudisha ni dakika mbili, na mimi nimeshafanya hivyo mara nyingi hadi mkono unajua wenyewe.

Lakini siku ile adhuhuri ilikuwa imekaribia, nataka kufunga niwahi Ijumaa, na foleni ya wateja ipo mlangoni. Na sisi wa vibanda tuna ugonjwa wetu: kitu kikileta ubishi, piga format, futa vyote uanze upya.

Nikaitazama folda ya BABA. Kilobaiti moja. Nikajisemea, mzee gani huyo anaenea kwenye kilobaiti moja? Humu hamna kitu.

Wakati huohuo kompyuta inaniambia external imejaa nusu. Mafolda matupu, external imejaa nusu! Mwenye akili angejiuliza. Mimi nikasema hizo ni takataka za virus.

Nikapiga format. Nikaanza kumimina mashujaa, nikaiacha inakopi, nikaenda kuswali.

Niliporudi bado inakopi. Nikakaa kuangalia episode mbili tatu za huo mzigo mpya, na hapa naomba niweke maoni yangu pembeni kidogo. Mawe mtarusha baadaye.

Mashujaa wa siku hizi wamenishinda. Zamani ulikuwa unakaa, unaangalia saa mbili, unaelewa, unalala. Leo ili uielewe movie moja, uwe umeshamaliza series nne. Hiyo si burudani tena, hiyo ni shule ya jioni.

Series ndiyo kabisa. Episode ya kwanza shujaa analia. Ya pili anamkumbuka mama yake. Ya tano ndiyo anarusha ngumi moja. Wanavuta stori iliyotosha dakika tisini mpaka masaa nane.

Halafu hawafi. Mtu kafa, tumelia, msimu unaofuata katoka kwenye ulimwengu mwingine, mzima wa afya, na nywele kachana. Sasa nimlilie wa nini?

Wanaonifurahisha ni wale wadogo, wa mtaani, wanaopigana na muhuni mmoja wanayemjua. Na zile zilizotafsiriwa na ma-DJ wetu, hizo naweka juu ya original bila kusita. Mfugaji mmoja wa Igunga aliangalia kwangu moja ya hizo, akauliza, "Huyu anashinda angani anaokoa dunia, ng'ombe wake anachunga nani?" Mpaka leo sijapata jibu, na sijasoma uchambuzi uliouzidi huo.

Tuendelee.

Nilimjazia season tatu na movie za kutosha, external ikabaki na nafasi kiduchu. Nikajiona nimemtendea wema.

Jumamosi mchana Mwalimu akaja. Kabla hajaondoka akasema, "Hebu nifungulie ya baba niisikie kidogo."

Nikamwambia ile folda ilikuwa tupu.

Akakaa kwenye benchi la wateja. Akanieleza kwamba baba yake alifariki mvua za mwaka jana. Miezi yake ya mwisho, kila akitoka kazini alikuwa anakaa naye na kumrekodi kwa simu. Mzee alikuwa anamwachia kila mjukuu maneno yake kwa jina, na nyimbo za Kinyamwezi alizoimbiwa na babu yake, za wapagazi waliokuwa wakipitia huku kwetu kwenda pwani na mizigo. Simu ilipojaa, akahamishia vyote kwenye external, akafuta kwenye simu.

Wakuu, palepale nikajua nilichofanya.

Na mdomo ukasema hivi: "Mwalimu, external yako ilikuja na virus. Vitu vilikuwa vimeshaliwa."

Ilikuja na virus, hilo kweli. Vimeshaliwa, hilo uongo wangu.

Akauliza kwa sauti ndogo, "Virus katokea wapi?"

Nikamjibu, "Labda pale ulipochomeka mara ya mwisho."

Akafikiri. "Nilichapisha mitihani stationery. Niliichomeka mwenyewe." Kisha akanisukumia ile external. "Jaribu, mdogo wangu. Chochote utakachokipata."

Jumatatu nikaipeleka kwa Mjomba Sudi, mzee wa maeneo ya stesheni. Alikuwa fundi redio, siku hizi anafufua data, na ndiye pekee ninayemvulia kofia. Aliniuliza kwanza: "Ulipofomati, uliweka nini juu yake?"

"Mashujaa, mjomba."

"Kiasi gani?"

"Karibu ijae."

Akatikisa kichwa. Akanifafanulia ninachowaambia wateja kila siku: ukifomati harakaharaka, vitu vinakuwa bado vipo chini, vinarudishika. Kinachoviua ni kile unachomimina juu yake. Yaani kama siku ile ningefomati nikaiacha tu, Mwalimu angempata baba yake mzima. Wale niliokuwa nawaponda ndio niliowamwaga juu ya yule mzee kwa mkono wangu.

Sudi alihangaika nayo wiki mbili na zaidi. Kwenye kile kinafasi kilichobaki akapata faili moja ya sekunde kumi na moja.

Ningeweza kuituma kwa simu, nikakausha kama sijui kitu. Nililifikiria hilo, sitawadanganya. Lakini nilikuwa silali vizuri, na mimi si mtu wa kukosa usingizi. Nikapanda basi la asubuhi mpaka Nzega, nikachukua bodaboda hadi Lusu, na asali yangu lita moja mkononi.

Nilimkuta Mwalimu na mama yake sebuleni wanamenya karanga. Nikaamkia, "Shikamoo mama." Akaitikia, "Marahaba mwanangu, karibu."

Sikukaa. Nikasema, "Mwalimu, virus alivificha vitu vyako tu. Aliyefuta ni mimi. Nilikuwa na haraka, na nikakudanganya."

Aliiweka chini karanga aliyokuwa anamenya. Kisha akasema, "Kaka yangu ana wiki tatu hapokei simu yangu. Niliwaambia ndugu zangu wote kwamba ni mimi, niliyechomeka hovyo stationery. Kila nikiingia darasani najiuliza, hivi mimi nina akili gani?"

Wakuu, hapo ndipo nilipoumia. Kufuta lilikuwa kosa la haraka. Ule uongo wangu mdogo ndio uliomtwisha mtu mzigo wangu, na yeye akaubeba bila kulalamika.

Nikaomba namba ya huyo kaka. Nikampigia kwa simu yangu, nikamweleza neno kwa neno. Alinitukana vizuri tu, na ilikuwa haki yangu. Mwisho akasema, "Nipe dada yangu." Nikampa simu, nikatoka nje.

Niliporudi, Mwalimu alikuwa ananawa uso. Nikawasikilizisha zile sekunde kumi na moja. Mzee anakohoa, kisha anasema, "Imeshaanza? Mbona sioni taa? Haya." Basi, inakatika.

Mwalimu akacheka na machozi yakamtoka. Mama yake akasema kitu kwa Kinyamwezi, nami Kinyamwezi changu ni cha sokoni, nikamwangalia Mwalimu.

Akanitafsiria: "Mama anasema ukae. Mzee akirekodiwa alikuwa pembeni, atakwambia maneno yote uliyoyafuta."

Nikatoa simu nirekodi. Yule bibi, mama yake Mwalimu, akaifunika kwa kiganja chake, akanisogezea ungo wa karanga. Nikamenya karanga mpaka jua likaelekea kuzama, ananiambia mjukuu kwa mjukuu, wimbo kwa wimbo, Mwalimu akitafsiri, na kila alipomaliza mmoja alinitaka niurudie. Nikikosea, tunaanza upya.

Wakuu, backup wekeni sehemu mbili, na virus wa shortcut hafutwi kwa format, hilo mnalijua. Kubwa kwangu ni hili: ukiharibu kitu cha mtu, mwambie siku ileile, maana usipojilaumu wewe, kuna mwenzako anajilaumu kwa niaba yako.

Mafundi wenzangu, ni wangapi mmeshasema "ni virus" huku mnajua? Njooni mtubu hapa. Na mwenye kuwatetea mashujaa wa siku hizi aje pia, kwa hilo sirudi nyuma.

Nyimbo nilizofundishwa ni saba. Nne nimezishika, na Jumamosi hii bibi amesema nirudi, tatu bado nazikosea.