Simu Niliyoichaji Njiani Kwenda Kwa Mama

Kabla hujacheka, ujue mimi si mlevi na wala si mtu wa kuona mauzauza. Haya yalinikuta mwenyewe, mchana, nikiwa na akili zangu timamu. Ukitaka amini, usipotaka basi. Tangu siku ile hata hamu ya kubishana imenitoka.

Wakati huo Tunduma tulikuwa bado Mkoa wa Mbeya, nami nikiendesha bodaboda kijiwe cha karibu na mpaka. Nilikuwa nimenunua simu ya kupangusa ng'ambo ya mpaka, Nakonde, nikaingiza ramani inayofanya kazi hata pasipo mtandao. Ubaya wa simu zile ni kula chaji. Nikaenda kwa Fundi Haji, mtu wa Tanga aliyelowea kwetu, akanivutia waya kutoka kwenye beteri ya pikipiki, akaweka fyuzi, akaacha matundu mawili ya chaja: moja la simu yangu, moja la ziada. Simu akaifunga kwenye usukani kwa mipira ya tyubu, juu yake akaweka kipande cha kidumu ili isilowe. Kijiweni wakanicheka. "Wewe sasa si bodaboda, ni rubani!"

Lile tundu la ziada ndilo lililonipa jina. Vijiji vingi vya huko ndani havikuwa na umeme, kwa hiyo watu walinisubiri barabarani na simu zao. Nazichukua nikienda, zinajaa njiani, nawarudishia nikigeuza. Kazi ile ina sheria moja: simu ya mtu huifungui na ikilia hupokei. Ukipokea, mume wa mtu atakuuliza wewe nani. Mwenzetu mmoja alipokea huko Ndalambo, alichofanywa aliacha kazi. Mimi sheria ile niliishika kama amri ya Mungu.

Jumapili moja, nimetoka ibadani, dada yangu Stela akanipigia kutoka nyumbani, mbele ya Chitete. "Mdogo wangu, mama kazidiwa. Anakutaka wewe tu, kuna neno anasema lazima akuambie. Njoo sasa hivi, simu yangu inazi..." Ikakatika.

Mvua ilikuwa imebeba daraja letu, ikabidi nizunguke kwa njia za mashambani ambazo sikuwahi kuzipita. Nikawasha ramani, nikawa nafuata kile kidoti cha bluu kinachoonyesha ulipo. Nilikuwa naogopa, nisikufiche. Mama alikuwa mmoja tu.

Nilipoiacha Chitete ukungu ukashuka. Penye njia panda alisimama mwanamke, kajitanda kitenge hadi usoni. Akanyoosha mkono wenye simu iliyofungwa ndani ya nailoni, kaacha wazi tundu la chaja tu.

"Mwanangu, nichajie. Imezima, na kuna mtu nataka kumpigia."

Sauti ilikuwa imekauka, kama ya mtu mwenye baridi kali. Nikamwambia, "Mama, mimi nawahi mgonjwa, hata sijui nitarudi lini."

"Wewe nenda nayo tu. Nitaifuata."

Ningemnyimaje? Nikaichomeka, nikaitia mfuko wa kifuani mwa koti, waya ukining'inia. Kuinua macho, hayupo. Nikajua kaingia kwenye mahindi, maana yalikuwa marefu. Wewe ungewaza nini?

Sikufika mbali, ikalia. Nikaiacha. Ikalia tena, inatetemeka kifuani kwangu. Nikasema moyoni, mwenyewe atawapigia akiichukua. Hapo ndipo nikatazama ramani, nikaona kidoti kimegoma. Mimi niko mbali, chenyewe kipo palepale penye njia panda. Nikazima simu yangu, nikawasha, vilevile. Ikabidi niende kwa kuuliza watu. Na ile simu inalia tu. Mkono unakwenda mfukoni, naurudisha. Sheria ni sheria. Ilinyamaza nilipoliona paa la nyumba yetu.

Wanawake walikuwa wamekaa chini uani, wamejifunga vitenge viunoni. Nikaelewa. Dada Stela akanijia mikono kichwani.

"Umechelewa, mdogo wangu. Mama katutoka tangu saa nane."

Yule mwanamke nilimkuta saa kumi.

"Alikuwa ameishika simu yake hadi mwisho, anataka akupigie," Stela akaendelea. "Imezima, na yangu imezima, tufanyeje? Tukamwekea chini ya mto. Sasa hata hiyo simu yenyewe hatuioni."

Nikaitoa ile ya kifuani, nikachana nailoni. Niliitambua kabla ya kuwasha taa yake: kifuniko cha nyuma kilishikwa na plasta niliyoibandika mimi. Chaji ilikuwa imejaa. Kioo kilionyesha simu zisizopokelewa, zote kutoka namba moja, na namba hiyo ilikuwa ya mama. Namba ya simu ileile niliyokuwa nimeishika.

Stela alikaa chini kwenye matope. Mimi sikulia. Nilichimba kaburi, nikabeba jeneza, nikarudi Tunduma. Watu wakasema huyu mwanaume kweli. Uanaume gani? Ni kama mguu ulioukalia ukafa ganzi, unaufinya na huusikii, ila huu wangu haujaamka mpaka leo.

Wajomba walitaka simu izikwe naye, nikakataa. Kila asubuhi naichaji kwenye pikipiki. Haijalia tena. Na nikipita ile njia panda, kidoti hubaki nyuma, hata nifunge simu gani. Fundi Haji alibadilisha waya, akaja kujionea mwenyewe, na tangu siku hiyo haigusi pikipiki yangu.

Basi wewe unayewachajia watu, shika sheria zako zote, lakini ikilia mara ya pili, pokea. Akiwa ni mume wa mtu, mtagombana na yataisha. Mimi ningekubali kupigwa na waume wote wa wilaya yetu ya Momba, ili mradi nilisikie lile neno la mama.