Shimo Lisilojaa

Kinyozi huyu watu walimwita Fuko, na hakuna aliyekumbuka nani alianza. Fuko ni yule mnyama mdogo aishiye chini ya ardhi, ambaye humwoni ila unaona vichuguu vya udongo alivyoviacha nyuma, na kusema kweli jina lilimkaa. Siku sita za wiki alikuwa mtu msafi kuliko wote mtaani: koti jeupe, taulo zilizochemshwa, mashine zilizotiwa mafuta, na vioo viwili vinavyotazamana ili mteja apate kuona kisogo chake mwenyewe. Siku ya saba aliingia ardhini. Jumatatu asubuhi wateja walimkagua kucha kabla hawajakubali kukaa kitini.

"Mchimba kisima huingia mwenyewe," mkewe alipenda kumwambia huku akimtoa udongo masikioni kwa pembe ya taulo.

"Si ndicho ninachotaka, mke wangu? Shida yangu hakiingiliki."

Mke alisonya, lakini hakuweza kusonya sana, maana aliyemwingiza mumewe katika balaa hilo alikuwa kaka yake yeye mwenyewe, tumbo moja, mwalimu wa hesabu aliyestaafu. Miaka mingi nyuma Mwalimu na Fuko walikuwa wakitembea mlimani nyuma ya mji, mashemeji wawili waliokimbia kelele za watoto. Walipoketi kupumzika, Mwalimu aliona majani yaliyo chini ya mwamba mmoja yanatikisika, na siku hiyo hapakuwa na upepo hata wa kuzima kibiriti. Akalala kifudifudi, suruali yake ya kupigwa pasi na yote, akaweka shavu penye ufa. Hewa baridi ilikuwa inatoka ndani ya mlima.

"Shemeji," alisema bila kuinuka, "humu ndani kuna nyumba."

Basi ikawa hivyo. Wenye kuyajua mapango husema mlima unaopumua una tumbo, na tumbo likiwa kubwa pumzi nayo huwa kubwa. Siku zingine walikuja na ile dawa ya mbu ya kuwasha, wakaiweka ufani, wakautazama moshi ukisukumwa nje kana kwamba kuna mtu anapuliza. Habari ikasambaa, wakapata wenzao wawili wa kudumu: dereva wa lori mwenye mikono minene kama mapaja ya mtu mwingine, na nesi mmoja wa hospitali ya mjini, mwembamba, asiyejua kuogopa. Wengine walikuja wakaondoka. Hakuna aliyelipwa, na hakuna aliyeweza kumweleza mkewe au mumewe vizuri kwa nini anakwenda.

Kazi yenyewe ilikuwa na mpango wake. Fuko alikaa chini kabisa na mtaimbo na nyundo, anavunja. Nesi alijaza ndoo nyuma yake. Dereva alivuta kamba juu kwa kapi. Mwalimu alipokea ndoo mdomoni mwa shimo na kwenda kumwaga. Mahali pa kumwagia alipachagua yeye, kwa hesabu. Hatua chache chini ya mwamba palikuwa na bonde dogo la mviringo kama bakuli, limejaa vichaka, halimfai mtu kwa lolote. Mwalimu alipima kwa miguu, akapiga hesabu ya ndoo na umbali, akatangaza kwamba kumwaga mahali pengine popote ni kujitafutia ugonjwa wa mgongo bure. Wote walimshukuru.

Bonde lile likawa kichekesho chao, kwa sababu halikujaa. Jumapili walilijaza mpaka usawa wa vichaka, na Jumapili iliyofuata walikuta mawe yameshuka tena.

"Mvua inayashindilia," alieleza Mwalimu.

"Mvua gani kiangazi hiki?" Dereva alicheka. "Hili bonde lina tumbo la utingo wangu. Unalilisha, linalala, likiamka linataka tena."

Wakacheka, wakalilisha mawe, hata ndoo zilizopasuka na glavu zilizochakaa. Mwalimu alikuwa na msemo wake, bandu bandu huisha gogo, na aliusema kila alipoinamisha ndoo, mpaka Nesi akatishia kumfunga mdomo kwa plasta.

Kisha yakaja mambo ya macho. Mwalimu alianza kugonga bega kwenye miimo ya milango. Alipita mtaani asimwone mtu anayemsalimu kwa upande, na watu wakasema amestaafu na kiburi. Hakusikia maumivu yoyote. Alipokwenda kupimwa aliambiwa ni presha ya macho, imekula pembeni kote, imebakiza katikati, na kilicholiwa hakirudi. Alipewa dawa ya kudondoshea, ya kupunguza kasi tu.

Habari hiyo alimpa Fuko akiwa kitini, kidevu kimejaa povu.

"Daktari ananiambia niangalie ninachotaka kuangalia, nisiweke akiba."

Fuko alisimamisha wembe.

"Na unataka kuangalia nini, shemeji?"

"Ile nyumba," akasema Mwalimu. Kisha akaongeza kwa haya, kama mtu anayeomba chumvi kwa jirani, "Kama itawezekana."

Hapo ndipo Fuko alipochomwa. Huyu alikuwa mtu asiyeomba. Zamani, ukoo mzima ulipokataa binti yao msomi kuolewa na kinyozi, ni huyu peke yake aliyesimama akasema, nyinyi nyote mnanyolewa, na nani anawanyoa? Ndoa ikapita. Tangu siku ile hakumdai Fuko shukrani wala hakumkumbusha. Leo kwa mara ya kwanza alikuwa anataka kitu, na kitu chenyewe kiko chini ya mwamba.

"Utaiona," Fuko alisema.

Maneno hayana gharama, bwana. Fuko alianza kufunga duka mapema katikati ya wiki na kupanda mlima peke yake. Alivunja jiwe mpaka bega la kulia likawa halinyanyuki, mkewe akawa ndiye anayemvalisha koti jeupe asubuhi. Alipiga, akasukuma, akatukana, akaomba radhi kwa Mungu, akapiga tena. Jiwe halina jamaa wala halijui habari ya macho ya mtu. Kibaya zaidi, ile pumzi ya mlima ilianza kupungua. Moshi wa dawa ya mbu uliokuwa unasukumwa sasa ulisimama tu, unajizungusha, haujui uende wapi. Walisema ni majira. Walisema pango nalo limechoka. Fuko alilala usiku akihesabu ni vitu gani Mwalimu amekosea kuvishika wiki ile.

Jumapili moja asubuhi mtaimbo ulizama, ukamtoka mkononi, ukaenda. Wakausikia ukigonga chini, halafu ukigonga mbali zaidi chini. Fuko alipiga kelele mpaka sauti ikapasuka. Walipanua tundu kwa nyundo, na Nesi, kwa wembamba wake, akawa wa kwanza kupita na kamba kiunoni.

"Vipi?" Fuko aliuliza kwa kichwa chini miguu juu.

"Chumba!" sauti ya Nesi ilirudi. "Nimesimama! Jamani, nimesimama!"

Juu kabisa, mdomoni mwa shimo, Mwalimu alisikika akipiga makofi peke yake.

 Nesi alipoongea tena sauti ilikuwa nyingine.

"Kuna watu wametutangulia."

"Acha masihara."

"Kuna ndoo huku. Imevunjika. Na glavu."

Fuko aliteremka akiwa na uchungu wa mwizi aliyekuta nyumba imeshaibiwa. Kichwani alikuwa anawataja kimya kimya wachimbaji wote wa mikoa jirani anaowafahamu, nani angeweza, kapitia wapi. Alimulika. Upande mmoja wa chumba ulikuwa mteremko mkubwa wa mawe, umeshuka kutoka darini na kuziba njia pana iliyokuwa ikiendelea mbele. Mawe yalikuwa mapya, yenye kingo kali, yamevunjwa kwa nyundo. Glavu ilikuwa ya kushoto, ya mpira. Kipande cha ndoo kilikuwa na alama ya rangi nyekundu, alama aliyoipaka Fuko mwenyewe ili ndoo za duka zisichanganyike na za mlimani.

Aliitazama ile rangi. Akautazama mteremko, akafuata kwa taa hadi juu, akapima kichwani mlima ulivyokaa. Juu ya dari ile palikuwa na lile bonde lao. Mlango wa pango, mlango mpana wa haki, wa kuingia mtu amesimama, ulikuwa pale chini ya vichaka siku zote, na wao kwa miaka yote ile walikuwa wanaumwagia mawe, na pango linameza, mpaka likapaliwa. Waliposema bandu bandu huisha gogo walisahau kwamba haba na haba nayo hujaza kibaba.

"Fuko," alisema Nesi polepole. "Njoo uone huku."

Pembeni ya lundo, karibu na dari, mawe yalikuwa hayajakutana vizuri na mwamba. Palibaki tundu la upana wa kiganja. Fuko aliweka taa na jicho. Upande wa pili kulikuwa na ukumbi. Nguzo nyeupe zilisimama kutoka chini hadi juu, nyingine nyembamba kama mishumaa, na sakafuni maji yalikuwa yametulia hata kila nguzo ikawa mbili. Mwisho wake haukuonekana. Fuko alilia, na hakujificha.

Dereva aliteremka kwa taabu, mwili wake mkubwa ukikwaruzwa pande zote, akalikagua lile lundo kama anavyokagua shehena kabla ya safari.

"Ukitoa moja hapa chini, yote yanakuja," alisema. "Yanafika mpaka juu kule. Yatatuzika."

"Tukiyatoa kwa juu?"

Dereva alimtazama kwa huruma. "Yametuchukua muda gani kuyatia?"

Wote walikuwa wamezeeka humo. Fuko aligusa jiwe moja, akalishika vizuri, akaliacha. Mikono yake miwili, iliyokuwa imevunja mlima, haikuwa na la kufanya.

Alipanda juu. Mwalimu alikuwa amekaa ukingoni, kofia ngumu kichwani, mikanda imefungwa vizuri kabisa kama mtoto wa siku ya kwanza shuleni.

"Umeona nini?"

Fuko alimweleza yote, hakuweza kumficha. Mwalimu alisikiliza kichwa kimeinama.

"Bonde nililipima mimi," akasema mwishoni.

"Tulilipima wote."

"Wewe kinyozi hujui hata jedwali la saba." Alikaza mkanda wa kofia uliokuwa tayari umekazwa. "Nimejifungia mlango kwa hesabu yangu mwenyewe, shemeji."

"Lakini kuna tundu!" Fuko alipiga magoti mbele yake. "Linaonyesha kila kitu. Twende sasa hivi. Tusingoje Jumapili nyingine."

"Lina ukubwa gani?"

"Kiganja."

"Basi sawa," alisema Mwalimu. "Na mimi siku hizi naona kama mtu anayechungulia kwenye bomba. Jicho na tundu kavipima fundi mmoja."

Walimteremsha kwa mkanda, Dereva, aliyekwisha kupanda tena, akishusha kamba kidogo kidogo, Fuko chini yake akimwekea miguu penye vikanyagio. Kila mguu uliutafuta mwamba kwanza, ukapapasa, ndipo ukakanyaga. Ni uzee, Fuko alijiambia. Ni woga wa mara ya kwanza. Walipofika chumbani, Mwalimu aliyapitishia mawe mkono, moja moja. Fuko alimshika mabega akamsogeza hadi juu ya lundo, akamwelekeza uso wake penye tundu, akaweka taa pembeni ya shavu lake ili mwanga upite naye pamoja.

"Haya, shemeji. Tazama."

 Tone la maji lilianguka mahali fulani ndani ya ukumbi.

"Ninakungoja," alisema Mwalimu. "Mulika basi."

Fuko alichungulia juu ya bega lake. Mwanga ulikuwa umepita tunduni, umefika mbali, nguzo zote zinang'aa, na maji yanang'aa chini yake. Alimgeukia Nesi. Nesi alikuwa ameziba mdomo kwa viganja viwili, machozi yanashuka juu yavyo. Daktari, Fuko alitaka kupiga kelele, kwani si alisema katikati imebaki! Imekwisha lini? Na huyu mtu amekuja kila Jumapili, amepokea ndoo kila Jumapili, hakumwambia yeyote.

 Kidole gumba kilitafuta swichi ya taa. Akaizima, giza likawafunika wote, kisha akaiwasha tena kwa nguvu ili swichi ilie na Mwalimu aisikie.

"Sasa je?"

"Eeh," Mwalimu alisema haraka. "Hapo sawa. Naam, shemeji. Pazuri mno."

"Nguzo unaziona?"

"Naziona. Nyingi. Ngoja nizihesabu, nisije nikaulizwa na dada yako nikakosa jibu."

"Dada yako wewe," Fuko alisema, na sauti ilimkatika.

"Dada yangu, ndiyo. Umenichanganya." Mwalimu alikohoa, akajiweka sawa juu ya mawe. Uso wake uliteleza kidogo kutoka penye tundu, ukaelekea mwambani, mahali pasipo na chochote. Fuko aliinua mkono amrudishe, mkono ukabaki hewani. "Moja," Mwalimu alianza kwa ile sauti yake ya darasani, polepole, ili hata wa nyuma wasikie. "Mbili. Tatu."