Haba Bumzika

Mguu wangu wa kulia hautulii. Nikikaa unatikisika, na nikiubana kwa wa kushoto, wa kushoto nao unaanza. Mwalimu wa fizikia amenihamishia nyuma ya darasa kwa sababu meza yote ilikuwa inatetemeka na wenzangu wakaandika kama wamo kwenye mashua. Bibi yangu anauita mguu huo cherehani. "Leo washona nini?" huniuliza tukiwa tunakula, nami humjibu, "Nashona sanda, Bibi, ya yule mwalimu wa fizikia." Hucheka kwanza, halafu ndipo huniambia nimuombe Mungu msamaha.

Kwa hiyo mwaka huu Bibi aliponichagua mimi nimsomee uradi wake, jua kwamba hakuwa na wa kuchagua.

Uradi, kwa asiyeujua, ni mkusanyo wa dua na sala za Mtume ambazo walii fulani alizipanga zikawa kitu kimoja, na watu wakazishika kuzisoma siku yake na saa yake bila kukatiza. Wa Bibi ni kila Alhamisi baada ya Magharibi, sebuleni kwetu Mabela, hapa Maskati. Wanakuja mabibi wenzake waliotoka Unguja kama yeye, na abaya zao na dawa zao za presha. Bibi husoma, wao huitikia, halafu kahawa. Kitabu chenyewe kilikuwa cha mamake. Ni chapa ya zamani, kurasa zimekuwa rangi ya chai ya maziwa, kinanuka ubani, na ukikisogeza puani zaidi kinanuka samli.

Huyo walii simtaji jina, kwa adabu, na pia kwa sababu mabibi wenyewe hawakubaliani alizaliwa wapi. Mmoja anasema Hadharamaut, mwengine anasema Moroko. Bibi anasema haidhuru, maana alikozaliwa hakukaa. Kwa hadithi yake, alikuwa mtu asiyejua kukaa kitako. Alikwenda mji hata mji, na kila alipolala aliwauliza wenyeji wake: nyinyi mkiomba, mnaombaje? Muoka mikate akampa dua yake, mkunga akampa yake, mjane akampa yake, naye akazishona pamoja. "Ndo mana uradi huu una milango mingi," anasema Bibi, na mlango ni sehemu moja ya kusomwa. Nilimuuliza kama walii alikuwa na mke, na kama mke alikuwa anajua mumewe yuko wapi.

"Suali zuri hilo," Bibi akasema. "Ukifika huko, kamuulize."

Basi Bibi akapasuliwa mtoto wa jicho. Daktari, kijana mpole, akamwambia asiiname, asinyanyue kitu, asililoweshe jicho, na asisome mpaka jicho lipoe. Bibi aliyapokea yote kwa kichwa isipokuwa hilo la mwisho. Kwenye gari, na kile kifuniko cha plastiki jichoni kama haramia, tulipokwisha kupita uwanja wa ndege akasema peke yake, "Uradi ukikatwa Alkhamisi moja, umekatwa."

Siku hiyohiyo akapiga simu bi wa Ghubra. Ni mmoja wa mabibi hao, na namwita hivyo kwa anakokaa, upande wa mbali wa mji. Ni mrefu, ana mkoba mkubwa, na huwa anatutazama sote kama tumemkosea kitu na bado anafikiri ni kitu gani. Akampa Bibi pole, kisha akasema itakuwa vyema kikao kihamie kwake. Kwake kuna mkaza mwanawe, anasoma vizuri, sauti yake nzuri, na makochi hayaumizi mgongo. Bibi akamjibu "Inshallah" kwa ile sauti ya inshallah ambayo haina inshallah ndani yake. Alipokata simu nyumba nzima ilielewa. Kikao kikihamia Ghubra hakitarudi tena Mabela, na Bibi haoni, na kwenda na kurudi kila wiki ataweza nani? Alhamisi yake ingebaki televisheni na sisi.

Baba alishauri waweke simu katikati ya sebule icheze usomaji wa mtu mwengine.

"Simu ina udhu?" Bibi akamuuliza.

Ami yangu, ambaye kwake kila kitu ni bid'a, uzushi wa dini, isipokuwa gari lake, akasema labda ndiyo nafasi ya kuliacha jambo lenyewe. Bibi akamwambia ale wali wake. Halafu akanigeukia.

"Weye."

"Mie?"

"Kiarabu unakijua."

"Kiarabu nakijua, Bibi. Kukaa ndiko nisikokujua."

"Utakujua."

Kuna kitu kimoja nilichotaka kabla sijakubali, nacho ni ijaza. Uradi hausomwi ovyo, lazima upewe ruhusa na aliyepewa ruhusa. Bibi kapewa na mamake, mamake na shekhe wake, na hivyo hivyo kurudi nyuma mpaka kwa walii mwenyewe. Nikamwambia basi nipe yangu. Akasema hatoi ijaza kwa cherehani. Nikimaliza kikao kizima bila kuinuka, tutazungumza. Kwa sasa nitasomea ya kwake.

"Kama mtu anaendesha gari kwa leseni ya mwenziwe," nikasema. "Hilo kosa, Bibi. Wanakamata."

"Basi usikamatwe."

Ilipofika Alhamisi, ilikuta wenzangu wana mpango wa kwenda Matrah, kutembea pwani pale na kula mishikaki na kucheka watu. Gari lingenipitia baada ya Isha. Nilipiga hesabu zangu: nikisoma kwa kasi ninayoijua mimi, kahawa itanikuta mlangoni. Nikavaa ushungi, nikaweka simu chini ya paja, nikakaa kwenye mto wa Bibi, na yeye ubavuni mwangu mikono imelala mapajani. Chetezo kilikuwa kinafuka udi mpaka kiyoyozi kikaanza kupiga chafya.

Bi wa Matrah aliingia kwanza. Huyu ni mfupi, anakuja kwa teksi, na huwa ameshagombana na dereva na kupatana naye kabla hawajafika. Akanitazama.

"Huyu ndo shekhe wetu?"

"Ndiye," Bibi akasema.

"Mbona hana ndevu?"

"Zinakuja, Bi Mkubwa," nikamwambia. "Nimeziagiza mtandaoni."

Akacheka mpaka akakaa. Bi wa Ghubra hakucheka. Alichagua pa karibu na mlango, akaweka mkoba wake mapajani kama mtu aliye kituoni, akasema, "Tutaona."

Nikaanza. Niseme ukweli, mimi Kiarabu nimesomeshwa nacho, na nilikuwa najiona. Kiarabu cha Bibi kina nazi ndani yake, herufi zinateleza zikifika mwisho wa neno. Changu ni kikavu, cha shule, kila herufi mahali pake. Nikawaonesha. Nilipita mlango wa kwanza kama gari kwenye barabara kuu ya Batina usiku, hakuna rada ya kukamata mwendo. Mabibi walikuwa nyuma yangu wanakimbilia na amin zao kama watu waliokosa basi. Simu ikatetemeka chini ya paja, mguu ukaijibu, nikaongeza mwendo.

Ndipo nikaona maneno pambizoni. Kwenye vitabu vile vya zamani, mstari uliosahauliwa huandikwa pembeni, na mwenye kujua huusoma mahali pake. Mwalimu wetu wa Kiarabu katufundisha hivyo, na mimi ndiye niliyejibu swali. Wino wake ulikuwa mwengine, lakini irabu zote zimetiwa. Neno la kwanza: *haba*. Nikajiambia, hii ni ile ya Kiarabu ya kuomba utunukiwe. Mbele kidogo kuna *maji*, na hiyo nikaivuta irabu zake, ikawa neno la Kiarabu la kuja. Tutunuku kuja kwako, au mfano wa hayo. Nikajaza kifua, nikavuta kwa mahadhi:

"Haba bumziiika, uniwe maajii, usikimbiyee, huwendi bahalaaa."

"Amin," wakaitikia mabibi.

Nikataka kuendelea. Mkono wa Bibi ukanigusa.

"Rudia hapo."

Nikadhani amependezwa. Nikarudia, safari hii na mtetemo mwisho, ule wa wasomaji wakubwa.

"Amin," wakasema, kwa nguvu zaidi. Bi wa Ghubra alifumba macho na kushika kifua.

"Tena," Bibi akasema. "Polepole."

Nikasoma polepole. Na polepole ndiyo iliyoniua, maana nilipofika *usikimbiye* masikio yangu yakaamka. Wazee wetu walikuwa wanaandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, na Kiarabu hakina *p*, basi huweka *b*. Haba bumzika. Hapa pumzika. Unywe maji. Usikimbie, huendi pahala.

Nikamtazama Bibi. Kifuniko cha jicho kilikuwa kinapanda na kushuka, na chini yake machozi ya kicheko yanapita, na daktari alisema jicho lisilowe.

Bi wa Matrah ndiye aliyefuata kufahamu. "Unywe maji," akarudia taratibu, kisha akaangukia mto. "Tumeitikia amin. Mara mbili, jamani. Kunywa maji, amin." Meno yake ya bandia alikuwa ameyashika kwa mkono. Mimi nikaenda naye, nilicheka mpaka ushungi ukanivuka kichwani, na kila tukijaribu kutulia mmoja anasema "bahala" na tunaanza upya.

Bi wa Ghubra alifumbua macho. Lile la kushika kifua lilimuuma zaidi, nafikiri.

"Huu uradi au vichekesho?" akasema. "Mie nimeacha nyumba yangu nikaja kukaa mbele ya Mola wangu. Alkhamisi ijayo tukutane kwangu. Kwangu kuna msomaji."

Akavaa mkoba begani. Kicheko kilinitoka chote. Nilimuona Bibi anavyonyoosha mgongo. Alinyoosha mkono kutafuta kitabu, akapapasa ukurasa mpaka kidole kikafika pambizoni, kwenye wino ambao hawezi kuusikia kwa kidole wala kuuona.

"Mamangu kaniandikia mie hayo," akasema. "Nilikuwa sina makalio ya kukalia. Kila nikipewa kusoma nakimbiza watu, nataka nikacheze. Akaona nikifika hapo tu napotea. Akaniandikia." Akanirudishia kitabu. "Basi na weye fanya ulivyoambiwa. Halafu uendelee."

Palikuwa na gilasi ya maji kando yangu. Nikanywa. Sijawahi kunywa maji yakasikika vile, kila funda chumba kizima kilikuwa kinalisikiliza. Kisha nikaendelea, na mwendo wenyewe ulikuwa umeshavunjika, nikawa nakwenda kama wanavyokwenda wao. Simu ikaita, ikanyamaza, ikaita tena. Hao walikuwa wenzangu, na baadaye nikaona picha zao za mishikaki. Mguu nao haukutulia hata kidogo. Bibi akauwekea mkono gotini. Hakuuzuia. Mkono wake ukawa unapanda na kushuka nao, mpaka mlango wa mwisho.

Bi wa Ghubra alikaa mpaka tukamaliza. Kahawa hakunywa.

Wiki iliyofuata ilikuwa ndefu. Alhamisi, tangu Alasiri, Bibi alikuwa anakaa na kuinuka. Alihamisha chetezo, akakirudisha, akauliza kama visheti vimetosha, akauliza tena. "Usichungulie dirishani," akaniambia, na yeye kila gari likipita anageuza sikio. Nilitaka kumuuliza anashona nini leo. Nikajizuia, na anayenijua anajua hilo lilinigharimu nini.

Bi wa Matrah akaja, akaketi. Wenzao wawili watatu wakaja. Adhana ikatoka, tukasali, tukakaa. Pale karibu na mlango palikuwa patupu.

"Tuanze?" nikauliza.

"Foleni ya barabara," Bibi akasema. "Tungoje kidogo."

Tukangoja. Bi wa Matrah alikoroga kikombe kisichokuwa na kitu. Nilikuwa nimeshafungua kitabu kengele ilipolia. Bi wa Ghubra aliingia wa kwanza, na nyuma yake mkaza mwanawe, msomaji mwenyewe, amebeba katoni ya maji ya chupa kifuani.

"Huyu shekhe wenu anakunywa sana," bi wa Ghubra akasema, akavua viatu. "Nimemletea yake. Na huyu kaja kuitikia."

Akaketi pale pale kwenye mlango, mkoba mapajani. Bibi alisema "Karibuni" tu. Lakini nilimsikia akivuta pumzi na kuiachia.

Nikasoma. Nilipofika pale pambizoni, nikapapita kimya kimya kwa adabu zangu zote, nikaingia mlango unaofuata. Hakuna aliyeitikia. Nikanyanyua kichwa. Bi wa Ghubra alikuwa ananitazama.

"Umeruka," akasema.

Nikarudi. Nikasoma kwa mahadhi yaleyale, *haba bumzika*, mpaka *bahala*, na wakasema amin wote, pamoja na mgeni ambaye maskini hakujua kwa nini bi wa Matrah amejifunika uso kwa mtandio. Nikanywa maji.

Walipoondoka nilimfuata Bibi jikoni nikamdai ijaza yangu.

"Uliinuka?"

"Sikuinuka."

"Na mguu?"

"Mguu haukuwemo kwenye masharti."

Akafikiri, akaona kweli. Akanishika mkono, wake una unga wa visheti, akanisomea maneno ya ruhusa kama alivyosomewa na mamake, na mimi nikayapokea nimesimama kwenye mguu mmoja na nusu.

"Na ya pambizoni?" nikauliza. "Nayo nina ruhusa?"

"Hiyo kwanza," Bibi akasema.

Ami bado hajui. Siku akijua tunaitikia amin kwenye kunywa maji, atasema bid'a imezaa. Ijumaa hii anakuja kula, nami nimeahidi sitasema kitu, na Bibi ameninong'oneza niketi mbali naye, kwa sababu nikiwa na siri mguu unaonekana.