Paka Aliyetulisha

Watu wakibishana kama paka anamjali mwenye nyumba au anajali tumbo lake tu, mimi huwa nanyamaza, na mimi si mtu wa kunyamaza. Paka wetu alitujali. Alitujali kupita kiasi, na sijapata kuogopa wema wa kiumbe chochote kama nilivyouogopa wake.

Nilikuwa nimerudi kwa mama yangu, Kisangani, na cherehani yangu na sanduku moja, baada ya ndoa kunishinda. Mama ni wa zile familia za zamani za Kiislamu za mji huu. Macho yake yalikuwa yameingia ukungu, akimtambua mtu kwa sauti na kwa hatua. Kazi ya ushonaji ilikuwa imelala. Tulikula sombe leo, kesho sombe, keshokutwa sombe, majani ya muhogo matupu bila hata mkia wa samaki. Mama hakulalamika. Alikula matonge mawili matatu, akasema ameshiba, na aliponirudishia sahani niliona mifupa ya mkono wake.

Nadhani paka naye aliona. Alikuwa dume la kijivu mwenye sikio lililochanika, amezoea kulala miguuni pa mama. Asubuhi moja aliingia na samaki wa moshi mdomoni, mzima, mkubwa kuliko kichwa chake. Hakumla. Alimweka chini mbele ya cherehani, akarudi nyuma kidogo, akakaa akiniangalia.

Nilijua samaki yule ametoka wapi. Jirani yetu, mama mmoja wa Butembo, alikuwa akiuza samaki wa moshi wanaoletwa kwa boti kutoka Basoko, na aliwaanika juu ya mabati upande wa pili wa ua. Mtu mwenye haya angemrudisha. Mimi nilikata pale penye alama za meno, nikampa paka kichwa, kilichobaki nikakipika.

"Samaki inatoka wapi?" mama aliuliza.

"Mama moja nilimushonea robo. Njo alinipa."

Mama akamwombea dua yule mteja wa gauni asiyekuwepo, akawaombea na watoto wake. Nami nikaitikia amina bila kumung'unya. Mama yangu ni mwanamke ambaye hajapata kuokota pera lililoanguka kwetu kutoka kwa jirani bila kwenda kuomba ruhusa kwanza. Wiki ile paka akaleta mwingine, na iliyofuata wawili. Mteja wangu akawa mkarimu kweli kweli. Mama akaanza kunenepa mashavu, nami nikajiambia kwamba kosa ni la paka.

Halafu jirani akaja. Alisimama uani, mikono kiunoni, na kwa heshima zote akamsalimia mama kabla ya kusema lililomleta.

"Bon, mama, miye nilichoka. Samaki yangu iko inapotea. Sijui ni mutu, sijui ni munyama. Donc nitatia dawa ya panya mu moja. Sitasema siku gani. Musiguse samaki yenye mutakuta chini."

"Tia tu, mutoto wangu," mama alijibu. "Mwenye anakula jasho ya mwenzake, aone."

Nilibaki na sindano hewani. Pale pale ningeweza kusema. Maneno yalikuwa machache tu, ni paka wetu, utusamehe, lakini mama alikuwa amekaa hatua mbili kutoka kwangu, na kila neno lingemwambia amekula nini wiki zile zote. Nikainama nikaendelea kushona. Hata jirani alipoaga nilimjibu kwa kichwa.

Tangu siku ile nilimwogopa paka kama mtu anavyoogopa barua ya serikali. Nilimfunga kwenye mguu wa meza kwa kitambaa. Akalia mpaka mama akapapasa akamfungua, akinigombeza kwamba nina roho mbaya. Nilifunga mlango, akapita dirishani. Kila alicholeta nilikizika nyuma ya choo, kwa sababu samaki mwenye sumu na asiye na sumu wanafanana. Sahani zetu zikarudi kuwa za majani. Kadiri tulivyokonda ndivyo yule paka alivyochapa kazi.

"Ule mama yako wa robo alihama?" mama aliuliza.

"Alisafiri. Alienda Yahuma."

Siku moja, mchana, nilipeleka gauni la mteja wa kweli huko Makiso, na mvua ikanishika njiani. Nilijificha chini ya kibanda cha mtu, nikiihesabu mvua ile kama balaa kabla sijajua kwa nini. Nilipoingia uani nikiwa nimelowa chapachapa, pua ilitangulia macho. Mawese, kitunguu, samaki wa moshi.

Mama alikuwa ameketi kando ya mbabula, jiko letu la makaa, na furaha usoni. Fufu, ugali wetu wa muhogo, ilikuwa tayari, sahani mbili.

"Paka njo ameileta. Aliniwekea ku mguu," alisema akicheka. "Nikasema, mama wa robo amerudi, weye umeacha samaki yako ovyo, paka amebeba. Nimeiokoa. Ikala chini, nilikuwa nakungojea."

Nikachungulia sufuria. Uzi mweusi ulikuwa unaelea kwenye mawese. Mimi ni fundi, uzi naujua. Nikamgeuza samaki kwa mwiko: tumbo lilikuwa limepasuliwa, kisha likafungwa kwa mishono mikubwa mikubwa, ya mtu asiyezoea sindano.

Ningeweza kujikwaa. Nilifikiria hivyo, sitajificha: nijikwae, sufuria imwagike, nijilaumu kwa sauti, tule fufu kavu. Lakini mama alikwisha kata tonge na kulipeleka kwenye sufuria. Nikamdaka mkono.

"Usikule. Ni ya jirani. Iko na dawa."

"Hii?"

"Hii. Na zile zote za kwanza zilikuwa za jirani. Zile hazikuwa na dawa. Hakuna mama wa robo."

Nilibeba sufuria nikaimwaga chooni, nikarudi. Mama hakuwa amesogea. Paka alikuwa akisugua ubavu kwenye goti lake, akingoja kichwa cha samaki kama kawaida, na mama alimsukuma taratibu kwa mgongo wa mkono.

"Paka anajua haramu?" aliuliza.

"Hapana."

"Weye unajua."

Akaomba birika. Hakuwa ameonja hata tone la mchuzi ule. Akasukutua, akatema, mara tatu, kama anavyotawadha, nikadhani amemaliza. Hakumaliza. Aliendelea kusukutua na kutema, nami nikaelewa kwamba hakuwa akiosha chakula cha siku ile. Maji yalipokwisha alininyooshea birika, uso ameuelekeza pengine, nimjazie tena.