Niliandika jina la Makuru kwenye karatasi nne

Wakuu, nawasalimu. Mnaonizidi umri shikamooni, ingawa humu sidhani kama mpo wengi.

Juzi mlikuwa mnabishana mtu anapataje msimamo wake wa siasa, kama ni kwa wazazi, dini au shule. Mimi niliishia darasa la nne, lakini wangu najua niliupata wapi. Nasimulia kama ilivyokuwa, na panaponichafua siruki.

Kwanza waliokuwepo.

Wambura, mume wangu, sasa marehemu. Bhoke, dada yake, yaani wifi yangu. Nyangeta, tuliyepakana naye shamba la pamba. Bibi Wakuru, aliyenizalisha watoto wote. Na Makuru, mume wa Nyabise. Huyo Nyabise tulikuwaga tunakwenda kisimani pamoja kila siku.

Ni kijijini kwetu, upande wa Butiama.

Ng'ombe wa mzee mmoja walipotea zizini. Mtendaji akaitisha kura ya siri, ile ya kila mtu kuandika jina la mwizi anayemjua. Watu wa Mara mnaijua. Ukitajwa na wengi, unahama.

Siku moja kabla, Wambura akiwa anakula akasema, "Watu wanasema ni Makuru."

Hakusema watu gani. Na mimi sikuuliza.

Mkutanoni karatasi zikagawiwa. Bhoke hajui kuandika, akanisogelea.

"Wifi, wewe unamwandika nani?"

"Makuru."

"Basi niandikie huyo huyo."

Nyangeta naye akaleta yake. Bibi Wakuru akasema, "Na yangu mwanangu, nisije nikaonekana natetea wezi."

Mtaniuliza siri iko wapi hapo. Haikuwepo.

Kura zikahesabiwa, Makuru akaongoza. Na mimi nikashangaa kabisa, nikajisemea, kumbe wengi walimwona. Nikasahau kwamba nne ni za mkono wangu.

Wakahamia Manyamanyama, pale Bunda. Nyabise hakuniaga.

Msimu uliofuata mwenye ng'ombe akagombana na mwanae mkubwa, mtu mzima mwenye wake wawili. Kwenye hasira yule mwana akaropoka kwamba ng'ombe aliwapeleka mnadani yeye mwenyewe.

Sikulala vizuri. Nikapanda basi mpaka Bunda. Makuru nilimkuta anashona viatu mlangoni kwake.

"Mama Sabina, uliniona na ng'ombe?"

"Sikukuona."

"Sasa uliandika nini?"

"Nilichosikia."

Nyabise akacheka kidogo. "Ila ana mwandiko mzuri. Mtendaji hakukwama hata mara moja."

Niliwaaga, nikapanda basi la kurudi.

Mkutano uliofuata nilisimama mbele ya watu, nikasema zile karatasi nne nimeandika mimi, na hakuna kati yetu aliyeona kitu. Wambura hakunisemesha wiki nzima. Mtendaji akatangaza Makuru hana kosa, anaweza kurudi.

Hakurudi. Shamba lake mpaka leo lina nyasi.

Tangu hapo chama cha mume wangu, nilichokuwa nakifuata kwa kumsikia yeye tu, hakikuwa changu tena, wala sikuchukua kinachokipinga. Wajukuu wanakujaga kutoka Musoma, huyu na fulana ya chama hiki, yule ya kile. Wote nawauliza: hilo umeliona au umelisikia? Akisema kaliona kwenye group, tunaanza upya.

Karibuni mkomenti, hata wa kunigombeza.

Na kama kuna mtoto au mjukuu wa hao niliowataja, na nimekosea jina au jambo, nisahihishe hapa hapa. Sitaki tena jina la mtu likae pabaya kwa mkono wangu.