Majina Niliyopewa Mimi

Juzi, nikisubiri kutoa kopi dukani hapa Morogoro, pembeni yangu alikaa mama anayeuza mdalasini na iliki za Uluguru. Mtaalamu wake wa kompyuta alikuwa akimchagulia programu ya kuwatumia wateja barua pepe.

"Mama, hii ndiyo wanayotumia wakubwa."

"Siku nikiihama, naondoka na majina ya wateja wangu?"

Mtaalamu akakuna kichwa. "Hapana, yanabaki kwa wenye programu."

Mama akaifunga kompyuta kwa kiganja. "Wateja walinipa mimi anwani zao, hawakuwapa hao wenye programu. Tafuta nyingine."

Mtaalamu akaifungua tena, akatafuta, akapata ndogo inayoruhusu kuhama na majina yote. Mama akaitaka hiyohiyo.

Mimi mwenzenu hubonyeza "nakubali" kabla sijasoma hata mstari mmoja wa masharti.