Jicho Walilonipa

Siku moja pale Kibirizi nilisimama kando ya chanja la jirani yangu la kuanikia dagaa, nikamwambia, "Dada, dagaa wako leo wanang'aa kweli." Haikupita hata saa moja, mvua ikanyesha. Kesho yake walikuwa wameoza wote. Tangu hapo ikasemwa nina jicho baya. Nikipita, wanawake wanafunika dagaa wao kwa kanga.

Mwanzoni niliwatukana. Kwani mvua inaniomba mimi ruhusa? Lakini watu wakikufunikia kila asubuhi, mwaka mzima, hata hasira inachoka. Nikaanza kupita nikitazama miguu yangu. Kisha nikaanza kukumbuka: kuku niliyemsifia akafa, mtoto niliyemchekea akaugua. Ushahidi nikajitafutia mwenyewe.

Juzi binti yangu alijifungua, nikampelekea uji kwake Mwandiga. Yeye maneno yale hajawahi kuyaamini. Alimfunua mtoto uso, akaniwekea mapajani.

"Mama, mwangalie mjukuu wako. Amefanana na wewe."

Nilimshika. Alikuwa wa moto, ananuka maziwa. Nilimpapasa pua, mdomo, masikio, polepole.

"Mama," binti yangu akauliza, "mbona umefumba macho?"